Kisanduku cha Tatu

Mimi ndiye niliyeandika majina hapa Nyendo,
kalamu ya serikali, daftari la mistari ya buluu:
mia mbili na kumi na wanne,
kila jina mtungi mmoja wa gesi
na ahadi ya kuacha makaa.
Nakabuye alibonyeza dole gumba mara mbili.
"Wino usije ukanikana," akasema.

Mwezi wa tatu nikarudi kukagua.
Mtungi ulikuwepo, unang'aa,
umevishwa kitambaa cha kufuma,
juu yake redio.

Gesi?

"Iliisha siku mwanangu alipoletewa mahari.
Kuujaza ni ndizi za wiki mbili.
Makaa nanunua kwa kopo, jioni kwa jioni.
Serikali yenu inauza kopo la moto?"

Nyuma ya nyumba matoke yalikuwa jikoni tangu asubuhi,
yamefunikwa majani ya mgomba,
makaa yakipumua chini yake, polepole.
Nilikaribishwa. Nikala. Nikaongezwa.

Na kutoka pale nilipokaa nilikiona kilima,
kile tulichookotea uyoga utotoni,
kimenyolewa mpaka utosini,
na lori la magunia likishuka, taa zimezimwa
ingawa jua halijazama.

Fomu ina visanduku viwili:
Anatumia. Hatumii.
Sikumwambia kwamba mtungi wangu nao
umebeba chungu cha maua.

Nikachora cha tatu, kwa mkono, kimepinda:
Angetumia.
Pembeni, kwa herufi ndogo:
wauze kwa kopo.