Namba Arobaini na Moja

Stendi ya Tukuyu wametugawia namba za kitambaa,
yangu imekosa pini moja, inanipigapiga mgongoni.
Vijana wa baiskeli nyepesi wametangulia,
gia zao zinalia kama maharage kwenye ungo.
Mimi Anyelwisye, foneksi, gia hakuna.

Mlima wa Isyonje nakudai:
kila Jumatano nakupanda na mikungu minne,
nasukuma, kifua juu ya tandiko, hadi soko la Uyole.

Leo keria tupu.
Ukungu, lami imelowa, gurudumu la nyuma linayumba
halijui limepoteza nini.

Konani mama muuza njegere ananipazia:
"Ugonile! Mzigo umeuacha wapi?"
Nacheka. Pumzi inakata.
Nashuka nisukume,
mkono wa kushoto unapapasa nyuma
ndizi zisianguke.