Hariri, Sifuri Nne

Farasi jike, rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa,
amesimama zizini kwa Mirqasim, nje kidogo ya Sheki,
ukope wa juu unaning'inia mithili ya ulimi.
"Tawi," anasema mzee. "Tawi kavu la mforsadi."
Haongezi neno. Ameshika taa, na taa inatetema.

Nimemtia ganzi. Mdomo umelegea,
kichwa kimeniegemea begani, kizito kama gunia la chumvi.
Osha, nyoa, osha tena.
Ukope haupunguzwi hata kichembe:
kila kipande kina zamu yake ya kulinda jicho.

Kisha naupasua mfuko. Hariri.
Mwalimu wangu kule Ganja aliichukia.
"Imesukwa, Ruhangiz, na kilichosukwa hunyonya.
Ukiisahau ndani ya mwili ni utambi,
na mafuta yake ni usaha."
Kweli. Tumboni siipeleki.
Lakini nailoni ina ncha kama ndevu za shayiri,
kila akipepesa, inamkwaruza.
Hariri hulala.
Fundo lake ukilikaza halibishi.

Sindano inaingia, inatoka.
Mzee anauliza, uzi gani huo? Namwambia.
Taa inatulia.

"Mama alikuwa kiwandani, kwenye masufuria.
Vidole vyake vyeupe, vimeiva.
Alivuruga vifukofuko kwa kijifagio, majini, majini yanayochemka,
akiitafuta ncha ya uzi,
na ndani humo kiwavi amelala, anangoja mbawa.
Harufu ile haikumtoka hata siku ya Novruz.
Sisi wanawe tulimkimbia."

Sina la kumjibu. Mimi huulizwa bei tu.
Nafunga fundo la nne. La tano.
"Mforsadi huo," anasema, "ndio aliokuwa akiuchuma majani
wakati viwavi tulipowafuga chumbani, sisi tukalala nje.
Kesho nilitaka kuung'oa."

Siku ya kumi na mbili nimerudi.
Nyuzi zatoka moja moja kwenye kibano,
nyeusi, fupi, kama kope zilizodondoka.
Farasi anapepesa, ananinusa mfuko wa koti, anapepesa tena.
Mzee amekunjua kiganja.
Uchafu huu, namwambia, una damu, una vijidudu.
Kiganja hakikunjwi.

Nampa.
Uani mforsadi umesimama,
tawi moja halipo,
na mahali pake pamepakwa tope, kwa mkono, likasawazishwa.