Taa Sita, Bohari ya Wete

Funguo nilikabidhiwa Jumatatu, kumi na nne,
na leja moja ambayo kurasa zimeshikana
kwa unyevu wa masika ya mwaka juzi.
"Hiyo usiisumbukie," Mzee Khatib Asaa akaniambia.
"Kila kitu kimo humu." Akagonga kipaji cha uso.

Miaka ishirini na minane kichwa kile kilihesabu
majembe, rimu, misumari ya inchi nne, mashuka ya hospitali.
Leja aliijaza mwisho wa mwezi, kwa kukumbuka.
Na mwizi, tuseme kweli, hakuwamo.
Walikuwamo panya. Ulikuwamo mchwa.
Na kulikuwamo kusahau,
ambako hakuvunji kufuli.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
tuliichapa methali hiyo kwenye kalenda za idara,
kalenda mia mbili,
hajui mtu ziliko.

Bibi yangu kule Mtambwe hakujua kusoma.
Msimu wa karafuu alichora ukutani kwa mkaa,
mstari kwa kila pishi, wa tano akaukata mshazari.
Mchumaji mwenye shaka alisimamishwa pale
ahesabu mwenyewe.
Ukuta haukupakwa chokaa mpaka watu walipwe.

Nikaanza na rafu ya mlangoni.
Kila kitu na kadi yake, imening'inia kwa uzi:
imeingia, imetoka, baki, sahihi.
"Hata kibiriti, dada?" akauliza Shaame, mchukuzi wetu.
Hata kibiriti.
Mkubwa akatuma dereva achukue rimu mbili,
fomu ataleta kesho.
Nikamwambia dereva: na rimu kesho zitakuwa hapahapa.
Wiki nzima sikusalimiwa.

Siku ya tisa tukafika nyuma,
penye magodoro yaliyoliwa pembe.
Shaame akavuta boksi. Taa za sola, sita,
nailoni zake hazijachanwa.
Nikafungua leja, nikapangusa ukungu kwa ncha ya kanga.
Taa za sola, baki: hakuna.
Na fomu tatu, zimebanwa kwa pini yenye kutu,
za mkunga wa kisiwani Fundo, Bi Riziki Hamad.
Zote tatu zimejibiwa neno moja.

Boksi sikuweza kulitoa bila hati,
kwa hiyo nikachukua kadi tu, nikamfuata mzee kwake Jadida.
Alivaa miwani. Alisoma. Alivua miwani.
"Nilikuwa na hakika," alisema.
Kisha: "Wakizalisha kwa mwanga wa nini?"
Kwa tochi ya simu, nikamwambia,
kaibana menoni.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, kalamu mfukoni.
Akaomba aandike yeye.
Imetoka: sita. Kwenda: Fundo.
Sahihi nikatia mimi; yeye keshastaafu.
Lakini kwenye baki nilimwachia nafasi,
akaandika sifuri taratibu,
akaizungusha mara ya pili juu ya ile ya kwanza,
akageuka kumtazama Shaame
akilishusha boksi ngazini.