Huenda

Tulitema mate kwenye vichupa, watatu sisi,
Tumsifu, baba yake, na mimi,
asubuhi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limegoma kuwaka, Winnipeg nzima inatoa moshi mdomoni,
na midomo yetu mikavu
hata mate yenyewe ikabidi tuyaombe.

Wiki mbili.
Kisha Daktari Friesen akachora mstari wa herufi
kama mtoto anayejifunza kuandika,
akazungushia moja.
Hii, akasema. Kwa watu wengi haiko hivi.

Moja tu?
Moja tu.

Mimi hufua. Ndiyo kazi yangu,
mashuka ya hoteli, Barabara ya Portage, zamu ya usiku.
Usiku ule mashine zikizunguka nikalitazama neno,
kufua,
nikatoa herufi moja, ikabaki
kufa,
nikachomeka nyingine upesi, kabla halijazoea:
kufaa.
Sikucheka. Nilikunja mashuka mia mbili na kumi.

Dawa yenyewe ni nyekundu,
nyekundu ya juisi ya rozela,
na mara ya kwanza, miaka miwili nyuma,
Muuguzi Rowena aliisukuma kwa mkono, polepole,
huku akimsimulia Tumsifu vituko vya paka wake.
Baadaye mtoto akaita toka chooni:
Mama, njoo uone, nakojoa juisi!
Dawa ya moto ni moto, nikamwambia dada kwenye simu.
Na saratani iliungua, kweli iliungua.
Sikuuliza moto ukimaliza kuchoma unakwenda wapi.

Kwa wengine unakwenda moyoni.
Si kwa wote. Hapo ndipo ninapokwama, si kwa wote:
Kieran wa kitanda cha pili alipewa nyekundu ileile,
sasa anacheza magongo ya barafuni na kuvunja meno ya wenzake.
Wetu, saratani imerudi mwezi wa kumi,
na nyekundu inahitajika tena.

Ametoa nani?
Anaeli alitaka kujua. Mimi sikutaka, nikajua.
Ni yangu. Niliingia nayo darasa la kwanza Mwika,
nikapita nayo kiwanja cha ndege bila kuulizwa,
miaka arobaini na moja haijaniuma hata siku moja,
imelala kama mbegu
isiyojua mvua yake ina rangi gani.
Si kosa lako, akasema daktari.
Nilimpa pia masikio haya, na kidole gumba kilichopinda.
Kwa hivyo hakuna aliyewahi kuniambia si kosa.

Basi mpango umebadilika.
Dozi itapungua. Itatangulia dawa nyingine ya kuulinda moyo,
kama mtu wa kushika mlango wageni wabaya wakipita.
Picha kila mwezi, si kila mwaka.
Nikauliza: moyo utaharibika?
Mkalimani, mama mmoja wa Bukavu, akasikiliza, akavua miwani.
Huenda, akasema.
Na huenda usiharibike?
Akamuuliza daktari. Akarudi na lilelile.

Leo picha ya kwanza. Chumba cha giza, jeli ya baridi,
Tumsifu anakunja vidole vya miguu ndani ya soksi.
Kwenye skrini kitu cha kijivu kinafumba, kinafumbua.
Mpiga picha hasemi neno, haruhusiwi.
Dirisha lingekuwepo tungeuona Mto Mwekundu,
umeganda, watu wanateleza juu yake,
na chini huko maji hayajaambiwa kitu.

Mama, unaenda? ananiuliza.
Moyo wangu, unaenda?

Huenda, nikamjibu.

Akatulia, akafumba macho.
Sikumwambia ni huenda ipi.