Yadi Hamsini na Mbili

Miaka thelathini na mmoja cherehani yangu
imelia barazani kwa Mama Kokila,
duka la vitambaa, Kondoa mjini,
na kila mwaka, mvua zikikatika,
alinionyesha bahasha ya kaki:
"Fundi, safari hii naenda Dwarka."

Hakwenda.
Mwaka mmoja bahasha iligeuka bati la duka.
Mwaka mwingine ikafuata figo za mumewe hadi Dodoma,
ikarudi imekuwa kuni za kumchomea
kando ya Mto Bubu,
siku ambayo mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu.
Na mwaka mmoja, nisifiche,
ilimlipia Mwasiti wangu ada ya muhula wa pili,
wala haikutajwa tena.

Dwarka naijua kwa kusimuliwa, huku nikipinda mikunjo.
Najua mto unapokutana na bahari,
kwamba mtu huoga kwanza ndipo apande
ngazi hamsini na sita,
na juu yake upo mlango unaoitwa wa peponi.
Najua bendera yake: yadi hamsini na mbili,
hubadilishwa mara tano kwa siku.
"Mara tano?" niliuliza.
"Mara tano. Mlidhani ni nyie peke yenu?"
Nikacheka hadi uzi ukakatika.

Mwaka huu magoti yamekataa.
Alifunga duka Jumanne, jambo la msiba,
akanyoosha kidole rafu ya juu:
"Ile zafarani iliyokosa mnunuzi, ipime."
Nikapima. Hamsini na mbili, na robo.
"Robo ni yako. Twende."

Tukashuka chemchemini.
Maji yale hayajui mwaka wa njaa,
yanatokota mchangani kama uji usio na moto.
Alivua ndala, akapandisha sari juu ya vifundo,
akaingia, akasema maneno yake kwa sauti ya chini.
Bibi mmoja wa Kirangi akaninong'oneza:
"Mhindi wako kapoteza nini humo?"
"Hajapoteza. Anaoga Dwarka."
Bibi akatazama maji, akamtazama yeye,
akasogeza dumu lake pembeni.

Ngazi hakuna pale. Ipo njia ya mbuzi.
Yeye alihesabu kwa Kigujarati, mimi kwa Kiswahili,
nikafika hamsini na sita
yeye yuko arobaini na tisa, ameketi juu ya jiwe,
anahema, jasho limemfuta tika ya kipajini.
"Tangulia peponi," akasema, "uniwekee nafasi."
Nikarudi chini.
Nikaanza upya, arobaini na tisa,
hamsini,
mkono wake begani kwangu mwepesi kama futi ya kupimia.

Bendera tuliifunga kwenye mlingoti wa antena,
juu ya bati lile lile.
Upepo wa Kondoa haukuwahi kupewa kitambaa kirefu hivyo;
ulikitupa hadi kwenye paa la mwuza misumari
naye akatoka kugomba, akasahau alichotaka kugomba.
Bendera ya pili hatukuwa nayo.
Basi kila ilipoadhiniwa
nilipanda ngazi ya fundi rangi, nikaigeuza upande,
nikashuka, nikaenda kutawadha.

Jumatano akaishusha, akaipiga pasi,
akairudisha rafuni. Nusu bei.
"Mama, hiki si kitu kitakatifu?"
"Kule nako ikishushwa watu hugawana, hushona nguo.
Jana ilikuwa bendera. Leo ina vumbi na ina bei."

Nikanunua yadi ishirini kwa mkopo.
Ndiyo maana suruali nyingi za wilaya hii,
ukizigeuza, mifuko yake ni ya zafarani.
Mtu anachomeka mkono kutafuta sarafu ya chumvi,
hapati, anautoa.

Ile robo iko chini ya cherehani.
Haitoshi kitu. Labda kofia ya mtoto.