Hatua Kumi na Moja

Miaka ishirini na tisa nimekabidhi nyumba zisizo zangu
kwa watu nisiokunywa nao chai.
Funguo hupita mezani pangu kama kidau cha chumvi
kwenye mlo wa wengine: nasogeza tu.

Ofisi iko juu ya duka la viatu, Carbonear,
Newfoundland, ambako ardhi nyingi haikuandikwa.
Watu walifika, wakasukuma mawe pembeni, wakapanda viazi,
wakafa. Watoto wakapanda viazi.
Sasa mjukuu aliye Alberta anataka kuuza,
na benki inauliza hati iko wapi.

Usidhani kazi hii ni joho na sauti ya kupanda na kushuka.
Ni kusoma. "Kutoka kwenye mwamba wenye msumari,
kaskazini hadi kwa Eli Pardy" –
na Eli keshahamia makaburini,
sijui mpaka umemfuata?
Ni simu saba kwa ajili ya futi nne.
Ni kugundua Ijumaa, saa tisa alasiri,
kwamba rehani ya mwaka sabini na nne ililipwa yote
ila hakuna aliyekumbuka kuifuta,
na lori la samani limeshawasha injini.

Mzee Hiscock, aliyenifunza kazi, aliniachia mambo mawili:
usimwamini mpima ardhi mwenye viatu safi,
na mteja akitia sahihi, tazama mkono, si uso.
La tatu nilikutana nalo Machi.

Dulcie Noseworthy alikuwa anauza kwao.
Mali bila daftari huisha bila habari;
daftari letu lilikuwa na miaka tisini na mmoja,
limelala chumba namba sita, nyumba ya wazee,
blanketi magotini, redio ikinong'ona habari za theluji.
Leander Pardy, mtoto wa yule Eli.

Nikamsomea kiapo nilichokiandaa:
kwamba anakijua kiwanja tangu utoto,
kwamba uzio wa mashariki haujawahi kusogea,
umesimama palepale, wazi, bila siri –

Akainua kidole.
"Bila siri? Andika vizuri, binti.
Uzio ule ulihama usiku, mwaka hamsini na nane,
Noseworthy akiwa hospitali ya kifua kikuu.
Hatua kumi na moja. Mimi nilishika taa."

Na nguzo alishika nani?

Akanitazama kama mtu anayesoma bei.
"Ambrose Quilty. Babu yako.
Alikuwa na vidole hivyohivyo."

Juu ya hatua hizo kumi na moja
lipo banda letu la kuni,
na mtofaa alioupanda mama siku niliyoapishwa uwakili.
Sheria naijua, hata usingizini naijua:
miaka ishirini inatosha.
Wizi ukizeeka vya kutosha
hupewa kiti na kuitwa umiliki.
Ningeweza kuyaacha maneno yangu yalivyopigwa chapa.
Kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari.

Nikaichukua. Nikakata "haujawahi kusogea".
Nikakata "bila siri". Nikaandika pembeni alivyosema,
pamoja na taa. Akaweka herufi zake mbili za kwanza
kwenye kila mkwaruzo, polepole,
ulimi ukichungulia kama wa mtoto wa darasa la kwanza.
Nikagonga muhuri.

Faili nilivuka nalo barabara mwenyewe,
nikampa Gertrude Fudge, ambaye hanipendi.
Dulcie nilimwandikia mistari mitatu:
tafuta wakili mwingine, namba hii hapa, hunidai wala sikudai.
Mama hajaniuliza kitu. Anapika, anafunga milango ya kabati
kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Jumapili theluji ilipolainika
nilitoka na buti, nikasimama penye mawe ya zamani,
nikahesabu kuelekea kwetu.
Kumi na moja zangu ziliishia kabla ya banda.
Babu alikuwa mrefu.
Zake kumi na moja ni zangu kumi na nne,
na hilo nalo
itabidi mtu aliapie.