Saa ya Mbaka

Sanduku ni moja, jeusi, limekaa juu ya kreti za soda
katika stoo iliyokuwa ya mbolea, na bado inanuka mbolea.
Ndani yake nimejenga mashine nne zisizoshikika,
nikazipa majina ya mito: Kiwira, Lufilyo, Mbaka, Songwe.
Kila moja inaamini nyumba nzima ni yake.
Wapangaji wanne, jiko moja,
na hakuna aliyewahi kukutana na mwenzake mlangoni.

Mbaka ndiyo ya mizani.
Majani ya chai yakishaning'inizwa kituoni,
kilo hurushwa mnarani, hutua hapa Tukuyu,
Mbaka huziandika na kuzigongea muhuri wa saa.

Mwisho wa mwezi wa tatu lori lilikwama topeni, njia ya Masoko.
Mama Atupakisye akapima saa sita na dakika tisa usiku,
mwezi mpya una dakika tisa tangu uzaliwe.
Mbaka ikaandika saa tano na dakika hamsini na moja,
mwezi wa jana.
Lufilyo, mhasibu, alikwisha kufunga daftari.
Kilo thelathini na moja zikapotelea kati ya miezi miwili
kama sarafu kwenye ufa wa sakafu.

Alikuja na risiti ameikunja ndani ya kitenge.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu:
"Mwanangu, mimi usiku ule nilikuwepo, au sikuwepo?"

Nikakesha stoo, nimejitanda koti la mvua,
ukungu wa Rungwe ukipenya chini ya mlango.
Nikaandika amri. Tarakimu zikashuka kwa safu,
na pembeni kabisa, herufi mbili ndogo, s na t:
wakati ulioibwa.
Asilimia ishirini na sita.

Mwizi ni Songwe, mtunza barua na picha za mikutano,
anayenakili mafaili usiku kucha
na kula zamu za jirani asiyemjua.
Mbaka ilizimia, ikazinduka, ikaendelea kuhesabu
pale ilipoishia.
Saa haikusimama.
Ilisimamishwa, na haikuambiwa.

Nikagawa upya.
Songwe nikaipokonya kiini kimoja,
kunakili nikakusogeza Jumapili, watu wakiwa ibadani.
Mbaka nikaitengea kumbukumbu yake, gigi mbili,
zisikopeshwe hata kwa njaa;
na ile tabia ya kukimbilia diski nikaishusha
kutoka sitini hadi kumi.
Hapo katikati nikazidisha sifuri moja mahali fulani,
zote nne zikagoma kuamka,
na kwa dakika kumi na mbili
ushirika mzima ulikuwa mimi na tochi.

Mwisho nikaja kwenye saa yenyewe.
Nikaiamuru isijiamini.
Iulize nje, kila baada ya dakika moja na ushee,
na ikijikuta nyuma isiruke:
ijivute taratibu,
maana saa ikiruka kuna risiti inayobaki shimoni.

Baba alikuwa karani wa mizani ya springi.
Kabla ya mkulima wa kwanza, alining'iniza jiwe moja
alilolijua uzito wake, akatazama mshale, akanyamaza.
Jiwe hilo ndilo linalozuia mlango wa stoo hii.

Kukapambazuka. Mashine, moyoni, ilisema saa mbili.
Mshale ukutani ulikuwa kwenye tano.
Mlinzi, Mzee Mwakalukwa, akasema ni kumi na moja alfajiri.
Wote watatu walisema kweli;
kazi yangu ni kukumbuka nani anaongea.

Kilo za Mama Atupakisye nimeziingiza kwa mkono,
na jina langu pembeni, na sababu.

Kwetu salamu ya asubuhi ni swali.
Ugonile? Umelala?
Nikaiandikia Mbaka amri ile ile ya usiku.
Ikajibu: sifuri nukta tatu.
Nimesinzia kidogo, basi.
Nje, lori la kwanza lilikuwa linatafuta gia.